Jina Lake Halikuitwa

 

Leo nawaomba tufuatane hadi kwenye benchi moja la mbao, nje ya mahakama ya wilaya fulani kule kwenye mashamba ya mkonge. Benchi hilo nalifahamu vizuri. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nusu ya kazi yetu hufanyikia hapo: kumsomea mtu karatasi asiyoielewa, kumwonyesha chumba cha karani, na mara nyingine kukaa naye tu ili asikae peke yake.

Asubuhi moja alikuja kijana dereva wa bodaboda. Alifika saa moja na nusu, kabla hata mhudumu hajamaliza kufagia. Mkononi alishika mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iliyokunjwa mara nne hadi ikaanza kukatika kwenye mikunjo, risiti za hospitali, na picha moja ndogo ya pikipiki. Kovu lake lilianzia nyuma ya sikio na kuteremka hadi begani, na mkono wa upande ule hakuweza kuunyanyua kupita kifua. Akakaa kimya, macho mlangoni.

Saa sita na nusu watu wakaanza kutawanyika. Akanisogelea.

"Shikamoo mama. Samahani, mbona mimi sijaitwa?"

"Marahaba mwanangu. Kesi yako namba ngapi?"

Namba haijui. Nikamuuliza ni kesi ya nani.

"Yangu mimi. Mimi ndiye niliyekatwa."

Nikaingia kwa karani. Kesi ilikuwa imeitwa saa tatu na dakika kumi, ikaahirishwa siku 14. Iliitwa kama zinavyoitwa kesi za jinai katika mahakama za wilaya hapa Tanzania: Jamhuri dhidi ya fulani na mwenzake. Hao fulani na mwenzake ndio washtakiwa. Yule kijana alikuwa hatua tano kutoka mlangoni, amesikia kila neno, lakini alikuwa anasubiri jina lake. Hakuna aliyemwambia kwamba jina lake halimo.

Wasikilizaji wangu, nimelibeba jambo hilo moyoni tangu siku ile, na ndilo nililowaitia leo. Mtu amepigwa, ameporwa, amebakwa, ameuliwa mtoto. Anakwenda polisi, anaandikisha, anapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Kuanzia dakika ile jambo lake si lake tena. Limekuwa la Jamhuri. Yeye amebaki kuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na shahidi huitwa pale anapohitajika. Asipohitajika, hatafutwi.

Kuna sababu nzuri ya dola kuibeba kesi ya jinai, na sitaki kuibeza. Kosa la jinai linahesabiwa kuwa limetendwa dhidi yetu sote. Kwa hiyo maskini halazimiki kuweka wakili ili mwizi wake ashtakiwe, na ndugu wa marehemu hawalazimiki kushika mapanga. Huo ni ustaarabu, na watu waliishi karne nyingi bila kuupata. Ila katika kumpokea mtu mzigo wake, tumempokonya na haki ya kuuliza mzigo umefika wapi. Majirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, ambao sheria zao zilitoka Ubelgiji, wana njia ya mtu aliyeumizwa kuingia ndani ya kesi ya jinai akiwa na madai yake, akasimama kando ya mwendesha mashtaka. Sisi tuliorithi utaratibu wa Waingereza tulimweka nje, kwenye benchi.

Niseme kidogo kuhusu jina la mtu huyu, maana hata jina lenyewe tunalitafuta. Mahakamani wengi husema mhanga. Mhanga kwa asili ni mnyama wa kafara, ndiyo maana tunasema mtu amejitoa mhanga. Magazeti ya Tanzania huandika mwathirika, neno ambalo kwa miaka mingi tulilitumia kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi. Wenzetu wa Kenya husema mwathiriwa. Tofauti ni herufi moja tu, lakini isikilizeni. Kikombe kikivunjika, hatuulizi nani. Huenda kimeanguka chenyewe. Kikombe kikivunjwa, mkono wa mtu umo ndani ya neno lenyewe. Kwa hili nawaunga mkono Wakenya. Yule kijana hakuathirika kama mahindi yanavyoathirika na jua. Ameathiriwa. Kuna aliyemtenda, na kwa sababu yupo aliyemtenda, kuna anachostahili kudai.

Turudi kwake. Ilikuwa jioni ya masika. Abiria wawili wakamwomba awapeleke ndani ya shamba la mkonge, wakaelewana bei, na katikati ya njia wakamgeukia kwa panga. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Wale mnaofanya kazi hiyo mnajua maana yake: kila siku unampelekea tajiri hesabu ya shilingi 10,000, Jumapili unapumzika, na muda ukitimia chombo kinakuwa chako. Kwake ilikuwa imebaki miezi mitano. Alipotoka hospitali, tajiri alikuja kumpa pole, akamletea sukari na mchele, na kabla ya kuondoka akamuuliza kwa upole deni watalifanyaje.

Hospitali alilipa mwenyewe. Kuna nyuzi, picha ya eksirei, dawa, nauli ya mkewe aliyempelekea chakula. Washtakiwa wakati ule walikuwa mahabusu, na huko serikali iliwalisha na kuwatibu, kama inavyopasa, maana nao ni binadamu na hatia bado haijathibitishwa. Yeye aliyekatwa aliuza mbuzi wanne na godoro. Sisemi haya ili mahabusu wanyimwe ugali. Nasema kwa sababu katika hesabu nzima ya kosa lile, mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa alipe, na ndiye yule asiyetenda kosa.

Pikipiki ilipatikana baada ya wiki tatu katika wilaya ya jirani. Alifurahi, akadhani mambo yamekwisha. Lakini pikipiki ilikuwa imegeuka kielelezo. Nilikwenda naye kuiangalia. Imeegeshwa kwenye uwanja wa nyuma, kati ya baiskeli na gari lililokatwa milango, nyasi zimepanda hadi kwenye mnyororo. Tairi zote chini. Kiti kimepasuka kwa jua, na kuku ametaga pale pa kuwekea miguu. Kijana akatoa kitambaa mfukoni akafuta tangi, taratibu, akafuta na taa. Kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kuifunika na turubai.

Sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inaipa mahakama uwezo wa kuamuru kielelezo kilichokwisha kupokelewa kirudishwe kwa anayestahili, hata kesi ikiwa bado inaendelea, kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa. Lakini lazima kwanza kipokelewe, kisha awepo wa kuomba, na wa kuomba hajui kwamba anaweza kuomba. Hapo ndipo haki za watu wetu hufia. Haki imo kwenye kitabu, na mwenyewe yuko nje na turubai.

Halafu likaja la dhamana. Jumamosi moja kijana alinipigia simu anatetemeka. Amemkuta mshtakiwa wa pili stendi, anakunywa kahawa.

"Mama, wamemwachia! Wamekula hela!"

Nikamwambia asiondoke, nakuja. Alikuwa na wenzake wa kijiweni kama kumi hivi, na mmoja alikwisha kuinama kuchukua jiwe. Nikawaeleza. Mshtakiwa wa kwanza ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana. Huyu wa pili alikutwa na pikipiki, akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, na kosa hilo lina dhamana. Ameleta wadhamini wawili, mahakama imeridhika. Hakuna aliyekula hela. Tena Katiba inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka mahakama imtie hatiani.

Kijana akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno moja tu: "Si mtu angeniambia."

Lile jiwe likarudi chini. Lakini mangapi hayarudi? Kila mwaka tunasoma kuhusu wananchi wenye hasira kali, mtu amepigwa hadi kufa, mwingine amechomwa kwa tairi, na wengine waliochomwa hawakuiba chochote. Tunalaumu ujinga, tunalaumu ukatili. Mimi naongeza ukimya wa ofisi. Mtu akimwona aliyemkata anakunywa kahawa, na hakuna ofisi iliyomweleza lolote, atajieleza mwenyewe, na maelezo yaliyo karibu siku zote ni rushwa. Anayedhani kwamba haki za aliyeumizwa zinapigana na haki za mshtakiwa angekuja nami stendi siku ile. Kama kijana yule angepewa maelezo yake mapema, mshtakiwa naye angekunywa kahawa yake kwa amani.

Na kuna siku ngumu kuliko ya dhamana. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kuiondoa kesi mahakamani bila kulazimika kutaja sababu. Mamlaka hayo yana kazi yake. Kesi nyingine ushahidi hautoshi, na kumng'ang'ania mtu asiye na hatia ni dhuluma. Lakini nimewaona wazazi waliofunga safari na chakula kwenye kikapu, wakakuta kesi ya mtoto wao iliondolewa wiki mbili nyuma. Walikaa kwenye ngazi wakala kile chakula bila kusemezana. Kesi ikiondolewa, mahakama huambiwa, kwa mdomo au kwa maandishi. Sioni kwa nini taarifa hiyo isipelekwe na kwa mzazi, na afisa mmoja akakaa naye dakika kumi akamweleza.

Sasa niseme kuhusu fidia, na hapa ningependa waheshimiwa wabunge nao wawe wamefungua redio.

Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2000, inaziwekea mahakama kanuni za kufuata. Kanuni mojawapo ni kuwapa fidia inayostahili watu wanaoathirika kwa makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria mahususi ya Bunge. Haya si maneno ya wanaharakati. Ni Katiba. Vipande vya utekelezaji vimo humu na humu. Kanuni ya Adhabu, tangu mageuzi ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inamtaka anayetiwa hatiani kwa kubaka aamriwe pia kumlipa fidia aliyemtendea, juu ya kifungo cha miaka isiyopungua 30. Kwa makosa mengine mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia ikiona inafaa.

Nanyi mmezisikia habari hizo kwenye taarifa ya saa mbili: jela miaka 30, na fidia shilingi milioni moja. Tunapiga makofi. Sasa nendeni baada ya mwaka mkamuulize binti yule kama amepata shilingi. Anayedaiwa ni mfungwa. Mfungwa hana mshahara, na kama alikuwa na shamba ndugu zake wamekwisha kuligawana. Kumfuatilia ni safari nyingine, karatasi nyingine, nauli nyingine, kwa mtu ambaye safari ya kwanza imemmaliza. Amri ya fidia kwa mtu asiye na kitu ni karatasi ya kutunza pamoja na PF3.

Dunia ililiona jambo hili zamani. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963 kwamba dola yenyewe imfidie aliyejeruhiwa kwa uhalifu, ikawa nchi ya kwanza, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la misingi ya haki kwa waathiriwa wa uhalifu na wa matumizi mabaya ya madaraka. Linasema mtu huyu atendewe kwa utu, ajulishwe hatua za kesi yake, asikilizwe, alindwe, na pale mkosaji anaposhindwa kulipa, dola ijitahidi kufidia. Limetimiza miaka 40. Ni umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Tusiende mbali, tuvuke tu Namanga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, ililiagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa na kuangalia haki na ustawi wao. Sheria ikatungwa mwaka 2014, ikaunda bodi na mfuko. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaenda hatua zaidi, ikaamua kwamba aliyetendewa kosa ana haki ya kushiriki katika kesi ya jinai na wakili wake akasikilizwa, mradi asigeuke kuwa mwendesha mashtaka wa pili na mshtakiwa asinyimwe haki yake. Sisemi Kenya mambo yamenyooka. Walioko huko wanajua foleni za P3, fomu yao ya polisi kwa majeruhi, na sheria kwenye karatasi haijawahi kumfunga mtu bendeji. Lakini pale mtu akisimama na kusema mimi nimo katika kesi hii, ana kifungu cha kushika mkononi.

Wala Kenya hawakuamka tu asubuhi wakayakuta hayo. Mwaka 2013 huko Busia binti wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa ndani ya shimo la choo. Waliokamatwa wakaamriwa kukata nyasi za kituo cha polisi, wakaachiwa. Kukata nyasi! Watu zaidi ya milioni moja wakatia saini kudai haki, kesi ikafufuliwa, na mwaka 2015 watatu wakahukumiwa miaka 15 kila mmoja. Mwaka ule ule wa 2013, mwezi wa Mei, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi katika shauri la wasichana 11 pamoja na shirika la Ripples International. Wasichana hao walinajisiwa, wakaripoti, na polisi hawakupeleleza inavyotakiwa. Mahakama ikasema kuzembea huko kwenyewe ni kuvunja Katiba. Uamuzi ule naupenda kwa sababu uliacha kuuliza mtoto alivaa nini au alikuwa wapi, ukamuuliza askari alifanya nini baada ya kuambiwa.

Na wasikilizaji wetu wa Ituri, mashariki ya Kongo, wao wana kijiji cha Bogoro. Kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, kwa mchango wake katika shambulio hilo, na mwaka 2017 majaji wakaamuru fidia kwa watu 297. Kila mmoja alitengewa dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, masomo na shughuli za kujikimu. Katanga hakuwa na uwezo wa kulipa, hivyo ukaombwa Mfuko wa Waathiriwa. Dola 250 hazirudishi nyumba, sembuse mtu. Lakini majaji walipitia madai ya kila mmoja, mtu kwa mtu: huyu alipoteza nini, yule alipoteza nani. Mtu wa 297 hakusahauliwa. Nikiwa kwenye benchi letu huwafikiria wale majaji na mafaili yao.

Na wapo wasiofika hata kwenye benchi hilo. Visiwani Zanzibar wana neno lao, muhali, yaani kuona haya kumkosea mtu wa karibu. Aliyemdhalilisha mtoto ni mjomba, au ni mwalimu wa chuo, au baba yake alitusaidia msibani. Utamshitaki vipi? Wazee wanakaa ukumbini, yanazungumzwa, pesa inatoka, inaingia mfukoni kwa baba wa mtoto, na mtoto anaambiwa amsalimie mjomba. Bara nako yapo, ila huku hulipwa ng'ombe. Nawavulia kofia wanaopigana na muhali kule. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kulifunguliwa kituo cha mkono kwa mkono, ambako mtoto anakutana na daktari, askari na mshauri nasaha mahali pamoja, asilazimike kusimulia maumivu yake mara tano kwa watu watano. Mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji. Bara nasi tuna madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na nimefanya kazi na askari wa madawati hayo wenye moyo wa mzazi, wanaotoa nauli mfukoni mwao. Lakini askari kutoa nauli mfukoni mwake ni sadaka. Sadaka si utaratibu.

Kuna jambo jingine huniuma kila ninapokaa mahakamani siku ya hukumu. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, hakimu humuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Maneno yake nyote mnayajua, yako kwenye magazeti kila wiki: naomba mahakama inipunguzie adhabu, nina mke na watoto wadogo na mama mzee wananitegemea. Ni haki yake kusema, na mara nyingi ni kweli. Lakini aliyekatwa panga naye ana mke, ana watoto wadogo, ana mama mzee. Anakaa benchi la nyuma na haulizwi. Nataka siku moja hakimu ageuze uso, amwangalie, aseme: na wewe, mwaka huu umekuwaje kwako? Aseme dakika tano. Asipange adhabu, hiyo ni kazi ya hakimu. Asikike tu, na iandikwe.

Tunachokiomba kwa kuanzia hakihitaji majengo. Mimi nikitumiwa shilingi 500 kwenye simu, meseji inaingia kabla sijairudisha simu mfukoni. Inanitajia kiasi, saa, na salio. Nchi yenye uwezo huo inaweza kumtumia mtu meseji kwamba kesi yako itatajwa tarehe fulani, mshtakiwa amepata dhamana, kesi imeondolewa, rufaa imekatwa, mfungwa atatoka mwezi ujao. Hilo la mwisho lisichukuliwe kirahisi. Kuna mwanamke aliyejua kwamba mume wake wa zamani ametoka gerezani kwa kuusikia mlango wake unagongwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Halafu Bunge litunge ile sheria mahususi iliyotajwa na Katiba, yenye mfuko unaolipa matibabu kwanza na kumdai mkosaji baadaye. Faini zinazotozwa mahakamani zinaingia serikalini kila siku. Sehemu yake iende kwa walioumizwa.

Na wewe unayenisikiliza, usisubiri sheria. Ukitendewa kosa, andika namba ya RB, jina la mpelelezi na namba yake ya simu. Kesi ikifika mahakamani, muulize karani namba ya kesi na uiandike mahali isipofutika. Kumbuka itaitwa kwa jina la mshtakiwa, si lako. Ukibakwa wewe au mtu wako, nenda hospitali mara moja, kabla ya kuoga ikiwezekana, na nguo zako zitie kwenye mfuko wa karatasi, usizifue. Dawa ya kuzuia maambukizi ya Ukimwi inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72. Kwa jambo la mtoto, piga 116, bure. Usiende polisi wala mahakamani peke yako. Tafuta ndugu, jirani, au msaidizi wa kisheria wa kata yako. Tupo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua. Huduma yetu haitozwi.

Yule kijana sasa namba ya kesi yake ameiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kava la simu. Pikipiki bado iko uwanjani, chini ya turubai lake. Kesi inaitwa tena Jumanne saa tatu asubuhi, Jamhuri dhidi ya fulani na mwenzake. Kama wewe ndiye wakili wa serikali mwenye jalada hilo, naomba kabla hujaingia ndani upite kwanza kwenye benchi. Utamtambua kwa kovu. Msalimie, na umweleze kesi yake imefika wapi.